Riyali za Droo Hazilipi Karo: Badilisha Pesa za Safari Mapema

Hebu fungua ile droo ya kabati unayowekea vitu vya maana. Ukipekua chini ya vyeti vya kuzaliwa, risiti za shule na chaja iliyokufa, huenda ukakutana na noti mbili tatu ambazo si za hapa. Dirhamu za Dubai. Shilingi za Uganda. Rupia zilizobaki ulipompeleka mzazi matibabu India. Ulisema utazibadilisha wiki hiyo hiyo. Ilikuwa mwaka gani?

Kazi yetu sisi ni pesa za kwenye simu, na siku nyingi hapa tunakuelezea jinsi ya kutuma, kulipa na kujilinda. Lakini swali la pesa za kigeni zilizobaki safarini linatufuata kila tukiwatembelea maajenti, na hakuna mahali tumeulizwa mara nyingi kama Riruta. "Hizi mnaweza kuniwekea kwa simu?" mtu anauliza, huku anatoa noti zilizokunjwa mara nne.

Msimamo wetu ni huu. Kama huna safari nyingine ya kurudi huko ndani ya miezi sita, badilisha hizo pesa kabla ya kupanda ndege au basi. Ikishindikana huko, zibadilishe wiki ya kwanza ukifika nyumbani. Kungoja ndiko kunakula pesa za watu, na wanaoumia zaidi ni wale walio na kidogo.

Shida hii si ya matajiri peke yao

Wengi hudhani mambo ya pesa za kigeni ni ya watu wa Lavington na Karen. Kaa nusu saa kwa ajenti pale Satellite na utabadilisha mawazo. Riruta ina akina dada na akina mama waliofanya kazi Riyadh, Jeddah, Doha na Dubai. Ina madereva wa malori ya Kampala, wafanyabiashara wanaovuka Namanga kwenda Arusha kutafuta bidhaa, na familia zilizochangiwa harambee ili mgonjwa wao afike India.

Tajiri akisahau dola hamsini kwenye mfuko wa suti, maisha yanaendelea. Mtu wa kawaida akisahau riyali 200 za Saudia, hiyo inaweza kuwa kodi ya nyumba ya mwezi mzima.

Mama mmoja tuliyemkuta kwa ajenti wa Naivasha Road alitusimulia yake. Alirudi kutoka Doha katikati ya mwaka wa 2020 baada ya miaka mitatu ya kazi ya nyumbani. Mishahara mingi alikuwa ameshaituma, lakini siku ya kuondoka mwajiri alimmalizia na pesa mkononi, riyali 600. Kwa bei ya wakati huo hiyo ilikuwa kama shilingi 17,000. Korona ilikuwa imebana kila kitu na kazi hakuna. Akaapa kwamba hizo hazitaguswa, zitakuwa za Form One ya kifungua mimba wake. Akazifunga kwa leso, akaziweka chini ya nguo.

Mei 2022 mtoto akaitwa Form One. Mama akapanda matatu hadi tao, akaingia kwenye duka la kwanza la forex. Kijana wa dirishani akazigeuza zile noti, akamrudishia. "Pole mama, hizi ni za zamani. Hatuwezi kuchukua." Akaenda duka la pili, la tatu. Jibu lilikuwa lile lile.

"Nilidhani wananiona tu nimetoka mtaani," alituambia. "Nikasema hawa wote wamepanga."

Hakuna aliyekuwa amepanga. Desemba 2020 Benki Kuu ya Qatar ilitoa noti mpya, na za zamani zikapewa muda wa kurudishwa. Muda huo ukaongezwa hadi tarehe 1 Julai 2021. Baada ya siku hiyo noti za zamani hazikuwa tena pesa halali za kununulia kitu dukani. Aliyebaki nazo alitakiwa kuzipeleka kwa Benki Kuu yenyewe, ambayo iliacha mlango wazi kwa muda usiozidi miaka 10. Kwa hivyo noti za huyu mama hazijafa kabisa. Lakini ili zifufuke anahitaji mtu mwaminifu anayeenda Doha, tena aliye tayari kupanga foleni benki kwa niaba yake. Nauli ya ndege yake mwenyewe ni kubwa kuliko hizo riyali. Na duka la Nairobi haliwezi kununua noti ambayo halina wa kumuuzia.

Mtoto alienda shule. Pesa zilitoka kwa mkopo wa chama, na riba mama akailipa hadi Krismasi.

Kila noti ina siku zake

Tusiwacheke watu wa Qatar, maana haya sisi tunayajua. Tarehe 1 Juni 2019, kwenye sherehe za Madaraka kule Narok, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya wakati huo, Patrick Njoroge, alitangaza kwamba noti ya zamani ya shilingi elfu moja itakoma tarehe 30 Septemba. Miezi minne tu. Siku ilipofika, zaidi ya noti milioni 7 hazikuwa zimerudi. Baadhi zilikuwa za watu waliokuwa na sababu ya kuzificha. Lakini jiulize pia kuhusu Mkenya aliyekuwa Muscat au Manchester na noti mbili za nauli ya kumtoa JKIA hadi nyumbani. Naye alibaki na karatasi.

Majirani na marafiki wamefanya vivyo hivyo. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa muda kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025 kurudisha noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka wa 2010. Oman ilitangaza Januari 2024 kwamba noti zake kadhaa za zamani zitakoma, ikawapa watu siku 360. Uingereza iliondoa noti za karatasi za pauni 20 na 50 tarehe 30 Septemba 2022. Benki Kuu ya Uingereza bado huzibadilisha, ila ujue safari ya kuzifikisha huko ni juu yako.

Dola ya Marekani ina tabia yake. Serikali ya Marekani haifuti noti zake, hata za miaka mingi iliyopita bado ni halali kwao. Hapa Nairobi mambo ni tofauti kidogo. Maduka mengi hukataa dola za muundo wa zamani, au huzinunua kwa bei ya chini. Noti ndogo za dola 1, 5 na 10 mara nyingi hupata bei ya chini kuliko noti ya 100. Noti iliyochanika, iliyoandikwa kwa kalamu au kuchafuka, inaweza kurudishwa hapo hapo dirishani. Kwa hivyo hata dola, ukiikunja na kuiweka chini ya godoro kwa miaka, unaweza kuipunguzia thamani kwa mikono yako mwenyewe.

Tangazo la noti kufutwa hutolewa kwa redio, televisheni na magazeti ya nchi husika. Wewe uko Riruta unasikiliza habari za Riruta. Ni nani atakupigia simu kukuambia?

"Wacha nizingojee, zitapanda"

Hoja hii tunaisikia sana, na hatuipuuzi. Walionunua dola mapema mwaka wa 2023 na kuziuza Januari 2024 walipata faida, kwa sababu shilingi ilikuwa imeanguka hadi karibu 160 kwa dola. Habari za faida husambaa haraka. Shangazi mmoja akipata, mtaa wote unajua.

Lakini kumbuka kilichofuata. Februari 2024 serikali ilianza kulipa ile Eurobond iliyokuwa ikiiva mwaka huo, wasiwasi ukapungua, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 131. Aliyekuwa na dola 100 kwenye droo alitoka kwenye shilingi 16,000 hadi kama 13,100 ndani ya miezi miwili, bila kununua hata mkate. Hakuna aliyemwibia.

Kuweka pesa za kigeni ukitarajia bei ipande ni kamari. Mwenye pesa za ziada anaweza kuicheza akitaka, ni pesa zake. Ila pesa za karo, kodi na dawa hazifai kuingizwa huko.

Kuna hali moja tu ambapo tunasema weka. Kama unarudi nchi ile ile hivi karibuni, usiuze leo ili ununue tena mwezi ujao. Duka hununua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu. Tuseme linanunua dola kwa 127 na kuuza kwa 131. Ukiuza dola 100 na baadaye ukazinunua tena, umeacha shilingi 400 kaunta. Weka noti hizo kwenye bahasha, andika juu yake tarehe ya safari, na usizikunje.

Ajenti wa steji si duka la forex

Sasa lile swali la wateja wetu. Simu yako haiwezi kupokea noti ya riyali. Ajenti anapokea shilingi za Kenya, anakuwekea shilingi za Kenya. Biashara ya kubadilisha pesa za kigeni inahitaji leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na ajenti wetu hana leseni hiyo. Ajenti akikuambia "nipe hizo dirhamu, nitakufanyia mpango", anakupeleka nje ya sheria na nje ya ulinzi wetu. Mkikosana, hakuna rekodi.

Hatari zaidi ni yule jamaa asiye hata ajenti. Kijana mmoja alirudi kutoka Dubai na dirhamu 400 zilizobaki. Nje ya kinyozi akakutana na mtu anayejua mtu. Wakakubaliana 13,500, bei ambayo ilionekana nzuri kwa sababu hakuna nauli ya tao wala foleni. Jamaa akabonyeza simu, ujumbe ukaingia kwa kijana: jina, kiasi, saa, kila kitu. Noti zikapeanwa, wakasalimiana, jamaa akapanda boda. Jioni kijana alipoenda kununua unga, salio lake lilikuwa shilingi 86. Ule ujumbe ulikuwa umetoka kwa nambari ya kawaida ya simu, umeandikwa tu ufanane na wetu.

Wengine ni wajanja zaidi. Wanatuma pesa kweli, unaiona kwenye salio, unawapa noti. Dakika kumi baadaye wanaomba muamala urudishwe, wakidai walikosea nambari. Wewe unabaki ukieleza kwamba ulikuwa ukiuza dirhamu kando ya barabara. Hayo si maelezo rahisi kuyatoa.

Tunajua kwa nini watu huingia mtego huu. Maduka mengi ya forex yako tao, Westlands na kwenye mall kubwa. Kutoka Riruta ni nauli ya kwenda na kurudi, nusu siku ya kazi, na dirisha ambalo mtu aliyevaa viatu vya kazi anaogopa kulikaribia. Hapa tunalaumu sekta nzima, sisi tukiwemo. Tungependa kuona maduka yenye leseni yakilipa moja kwa moja kwa simu ya mteja badala ya kumpa bunda la noti apite nalo steji. Tungependa pia bei zibandikwe mahali mtu anaweza kuzisoma kabla ya kuingia. Hadi siku hiyo ifike, safari moja ya tao bado ni nafuu kuliko mpango wa kinyozi.

Hesabu ya kufanya kabla ya kutoka nyumbani

Kwenye ubao wa duka utaona nambari mbili kwa kila sarafu: kununua na kuuza. Zote zinasemwa upande wa duka. Ukipeleka riyali, duka ndilo linanunua, kwa hivyo bei yako ni ile ndogo. Watu wengi husoma ile kubwa, wakapigiwa hesabu, wakadhani wameibiwa.

Kwa pesa za Ghuba kuna njia rahisi ya kujikagua. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola tangu 1986, riyali 3.75 kwa dola moja. Ya Qatar ni 3.64. Dirhamu ya Emirati ni 3.6725. Chukua bei ya dola ya siku hiyo, gawanya kwa nambari hizo, na utapata thamani halisi. Dola ikiwa 129, riyali ya Saudia ina thamani ya shilingi 34.40. Duka likikupa 33, hiyo inaeleweka, nao wanahitaji faida. Likikupa 28, sema asante na utoke.

Na bango linalosema "hakuna komisheni" lisikulewesha. Faida ya duka iko ndani ya bei. Uliza swali moja tu: "Nikikupa riyali 200, unaniwekea shilingi ngapi mkononi?" Hapo hakuna pa kujificha.

Lakini pia usizunguke mji mzima. Kwa riyali 200, tofauti ya senti 50 kwa kila riyali ni shilingi 100. Ukipanda matatu nyingine kwenda kuitafuta, umeimaliza njiani.

Tunachokushauri

1. Siku tatu kabla ya kurudi, hesabu pesa ulizo nazo. Toa za chakula na usafiri wa siku zilizobaki, kisha amua kuhusu zinazobaki. Usiache kazi hii hadi ufike uwanja wa ndege, ambako mara nyingi bei huwa mbaya.

2. Kama kiasi kina maana, kitume nyumbani ukiwa bado huko. Huko Ghuba na kwingineko kuna kampuni za kutuma pesa zenye leseni zinazofikisha moja kwa moja kwa laini yako ya Kenya. Uliza ada kwanza. Kiasi kidogo sana kinaweza kuliwa nusu na ada, na hapo ni heri kununua kitu cha nyumbani.

3. Maliza sarafu za chuma kabisa. Maduka ya forex hapa hayazinunui. Nunua maji, lipia sehemu ya bili ya hoteli, au ziweke kwenye bahasha ya msaada. UNICEF imekuwa ikikusanya chenji za wasafiri kwenye ndege za mashirika kadhaa tangu 1987.

4. Pesa za nchi jirani zibadilishe mpakani, Busia, Malaba au Namanga, lakini ndani ya duka lenye leseni. Wale vijana wa nje wanaohesabu noti mbele yako kwa kasi, vidole vyao vinajua kukunja noti moja ihesabike mara mbili.

5. Ukifika Nairobi, enda wiki ya kwanza, na pasipoti au kitambulisho mkononi. Orodha ya maduka yenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Kenya. Chukua risiti. Hesabu pesa kabla ya kuondoka dirishani.

6. Shilingi zikiingia mkononi, ziweke kwa simu kwa ajenti aliye karibu kabla ya kuanza safari ya kurudi mtaani. Kisha angalia salio mwenyewe. Ujumbe peke yake hautoshi. Na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.

Mwisho, turudi kwa mama wa Naivasha Road. Alituuliza afanye nini na zile riyali 600. Tulimwambia ukweli: asimpe mtu asiyemjua kwa ahadi ya kuzibadilisha, na asizitupe. Binamu yake bado anafanya kazi Doha na huja nyumbani likizo. Akija, wakubaliane kwa maandishi, amkabidhi noti mbele ya shahidi, na binamu akizibadilisha amtumie pesa kwa laini yake mwenyewe. Muda wa miaka 10 haujaisha.

Alicheka kidogo, akazirudisha kwenye leso. "Huyo binti yangu sasa karibu amalize Form Four," alisema. "Labda zitamlipia college."

Leo jioni, kabla ya kulala, fungua hiyo droo.